Ugali ni Lazima, Pilipili ni Hiari: Miaka Yangu ya Kufunga Vifurushi Kisumu

Niliingia Kisumu nikiwa juu ya lori la samaki wakavu kutoka Kalokol, karibu na Lodwar, na hilo peke yake lilitosha kunifanya kichekesho kabla sijateremka.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza zamani. Nilitoka Mwatate nilipomaliza kidato cha nne, nikapita Voi, Namanga na Isiolo, kila mahali nikikaa mpaka nijue majina ya mbwa wa majirani, halafu nahama. Lodwar ndiko nilikojifunza kompyuta, katika saiba ya chumba kimoja ambamo mteja wa kudumu alikuwa vumbi. Mwenye saiba alitumia Linux kwa sababu virusi vilikuwa vimemchosha. Alipofunga duka alinipa kompyuta moja ya kuniaga. Niliifunga kwa blanketi, nikapanda juu ya magunia, nikaikumbatia kupitia Kitale, Eldoret na Kapsabet. Kwenye mteremko wa kutoka Chavakali nililiona ziwa kwa mbali, nikajiambia nitakaa hapa muda mfupi tu.

Tulipokuwa tukishusha magunia sokoni, mama mmoja muuza samaki alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe unatoka wapi?"

"Lodwar."

"Na lori imebeba nini?"

"Samaki."

"Yawa! Unaletea Kisumu samaki? Na hiyo ya blanketi ni nini, maji ya ziwa?"

Nilipomwambia ni kompyuta, alicheka zaidi, kisha akanielekeza Kaloleni, kwa mwalimu mmoja anayechukua vyuma vya namna hiyo. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Ninyi mnaokaa sasa kwenye yale mabenchi ya karakana mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, basi hayo ndiyo mahojiano niliyofanyiwa, na aliyenihoji alikuwa ameshika kisu cha kuparua magamba.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Madam Awuor. Alikuwa amefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi, na alipoacha shule alifungua karakana katika nyumba moja ya zamani ya Kaloleni. Tulipokea kompyuta za msaada, tukazitengeneza, tukazipeleka katika shule, zahanati na fuo za uvuvi. Alikuwa na sheria moja iliyotutesa sote: kompyuta ikija na mfumo wake hai, mfumo huo haufutwi. Alisema mtu haletewi zawadi kisha akaibadilisha jina. Matokeo yake, nusu ya mashine zetu zilitumia vifurushi vya deb na nusu nyingine vya RPM, namna mbili za kufunga programu za Linux ambazo hazielewani, na kila programu tuliyoiandika wenyewe ilibidi ifungwe mara mbili.

Benchi la deb lilikuwa la Ochieng', mzaliwa wa Kaloleni. Benchi la RPM lilikuwa la Barasa, aliyetoka upande wa Butere. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza na hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Mimi niliwekwa katikati nijaribu kazi za wote wawili. Walinipa jina la Jawuoth, yaani msafiri, na nadhani hadi leo Barasa hajui jina langu la ubatizo.

Siku ya kwanza Madam alinipeleka mbele ya ubao. Aliniambia hakuna programu inayoishi peke yake. Moja inahitaji nyingine isome picha, nyingine itoe sauti, nyingine ielewe tarehe. Kwa hiyo ukifunga kifurushi unaandika ndani yake maelezo mafupi: huyu mgeni akija, aje na nani. Kisha akaandika kwa chaki:

Samaki. Depends: ugali. Recommends: sukuma wiki. Suggests: pilipili. Conflicts: maziwa mala.

"Depends ni lazima," alisema. "Bila ugali, samaki haingii mezani. Recommends ni ile ya heshima: mashine italeta sukuma wiki yenyewe, isipokuwa umeikataza. Suggests ni kutaja tu kwamba pilipili ipo jikoni. Na Conflicts, hao wawili hawakai tumbo moja. Kuna swali?"

Nilikuwa nalo, kwa bahati mbaya.

"Madam, Voi nimekula samaki na wali."

Ochieng' aliweka bisibisi chini taratibu. "Omera, umesema nini?"

"Wali."

"Madam, huyu mtu alipitia kwa nani?"

"Ochieng', acha fujo. Mwonyeshe jinsi ya kuandika."

Ochieng' alisimama kama mtu anayeenda kutia sahihi talaka, akaandika *ugali | wali*. Kwenye deb, kile kistari cha kusimama maana yake ni "au". Mashine ikikuta mmoja kati ya hao wawili yuko tayari, inaridhika. Isipomkuta yeyote, inamchukua wa kwanza.

"Na wa kwanza ni ugali," alisema, akipangusa chaki. "Hapo hatujadili."

Barasa alikohoa. RPM tuliyokuwa nayo miaka hiyo haikujua "au". Ulipotaka kuchagua, ulibuni jina la jumla. Aliandika kwamba samaki anahitaji *chakula-kizito*, kisha ndani ya kifurushi cha ugali na cha wali akaandika Provides, yaani mimi pia naitikia jina hilo.

"Kwa hivyo kwenu," Ochieng' alisema, "mtu anaagiza chakula kizito na hajui nini inakuja?"

"Anajua atashiba. Na mimi naweza kitu wewe huwezi. Naweza kusema nataka yeyote mwenye sufuria hii, nikataja sufuria yenyewe ilipo kwenye rafu. Mwenyewe anaitwa nani, sijali. Wewe lazima ujue jina la mwenye sufuria."

Hilo lilikuwa kweli, na bado ni kweli. RPM inaweza kuhitaji faili; deb inahitaji jina la kifurushi. Nimeona watu wakikosana kwa hoja hiyo mpaka chai inapoa. Lakini RPM ile ya zamani ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: haikuwa na Recommends wala Suggests. Ilikuwa na Requires tu. Kitu kilikuwa lazima au hakikutajwa.

"Ndiyo maana harusi za kwenu haziishi," Ochieng' alimwambia. "Kila mtu ni lazima."

Baadaye nilikutana na mfumo wa tatu kwenye kompyuta ya mwanafunzi mmoja wa Migosi. Huo ulikuwa na orodha ya vitu vya hiari, lakini uliviandika tu kwenye skrini na kukuachia mwenyewe. Ni kama mwenyeji anayekuambia chai ipo, halafu anaendelea kukaa.

Shikeni jambo moja hapa, maana ndilo lililotuletea msiba. Fuo zetu zilipata intaneti kwa modemu ndogo na bando za kubana. Ochieng' aligundua kwamba mashine za deb zikikatazwa kuleta Recommends, bando hudumu zaidi. Basi akaweka katazo hilo katika kila mashine ya deb iliyotoka karakana. Madam alimsifu mbele yetu. Kuanzia hapo sukuma wiki ilikoma kufika mezani katika pwani nzima ya ziwa, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua ilikuwa ije.

Sasa nimlete Mama Rosa. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kina mama wenye chumba cha baridi pale ufuo wa Dunga, mahali wanapohifadhi samaki wao, mbuta na ngege, kabla wanunuzi hawajafika. Zamani walikuwa na zamu: kila mmoja alikuja kwa wakati wake kusoma kipimajoto, akaacha mapipa yake na watoto wake. Mama Rosa aliwashawishi waache zamu na kuamini kompyuta. Walikubali shingo upande, na wakamwambia waziwazi kwamba siku samaki wakiharibika, kiti kitapata mtu mwingine na zamu zitarudi.

Tuliwaandikia programu tuliyoiita Baridi. Ilisoma joto la chumba, na joto likipanda sana iliandika HATARI kwa rangi nyekundu na kupiga king'ora. King'ora kilikuwa kifurushi cha pembeni. Programu hiyohiyo tuliipeleka pia katika zahanati moja, kwenye friji ya chanjo, na huko muuguzi alikuja juu: king'ora kikilia, watoto wote waliolala mgongoni kwa mama zao wanaitikia. Alitaka maandishi mekundu tu.

Ochieng' alifikiri kwa heshima. Aliandika king'ora kwenye Recommends: anayekitaka atakipata, asiyekitaka atakiondoa. Barasa hakuwa na pa kuandika heshima, akaandika Requires. Mashine ya Dunga ilikuwa ya Barasa, na ililia vizuri kila mlango ulipoachwa wazi.

Kisha ikafa. Tulipoifungua tulikuta feni imekwama kwa omena, dagaa wa ziwa. Sijui waliingiaje. Barasa alishika mmoja kwa koleo, akasema, "Huyu hakuandikwa mahali popote." Kompyuta iliyokuwa tayari kuchukua nafasi yake ilikuwa ya deb. Ochieng' aliijaribu Baridi ya deb karakana, ikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini aliyoijaribu ilikuwa mashine yetu ya benchi, iliyokula intaneti ya karakana na haikuwa na lile katazo. Iliyokwenda Dunga ilikuwa nalo.

Asubuhi moja umeme ulikatika na kurudi, na mtambo wa baridi haukuwaka tena. Kompyuta, iliyokuwa na betri yake ya dharura, iliona kila kitu. Iliandika HATARI kwa herufi nyekundu nzuri ndani ya chumba kisicho na mtu, na mlango umefungwa. Kina mama walikuwa nje wakipima samaki.

Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, bodaboda ilisimama mlangoni petu Kaloleni. Mama Rosa aliteremka na karai la samaki, na ndani ya karai ilikuwamo kompyuta.

"Madam, nimewarudishia bubu yenu."

"Mama Rosa, karibu, keti kwanza."

"Sikai. Unajua nani aliniambia samaki wanaharibika? Korongo! Wale ndege wabaya walijipanga kwa mlango kama watu wa kanisa. Nikajiuliza, hawa wanangoja nini? Korongo walijua kabla ya kompyuta yenu!"

Alisimulia huku amesimama. Walikimbilia barafu kwa majirani wakawaokoa wengi. Waliobaki walikaangwa papo hapo, na ufuo mzima ukala bila kutaka. Kikao cha kina mama kilikuwa Jumamosi, na ajenda ilikuwa yeye.

"Wanasema warudi kwa zamu. Wanasema mimi nilipenda kuonekana nina kompyuta. Nyinyi mtakuja Jumamosi mnieleze mbele yao, ama mkija tena Dunga mtapokelewa na mwenyekiti mwingine."

Alipoondoka, Barasa alivumilia muda mfupi sana.

"Kwangu ililia," alisema.

"Barasa."

"Nasema tu, Madam. Requires. Neno moja. Ililia."

Ochieng' alikuwa tayari amewasha ile mashine na kuuliza kifurushi kinategemea nini. Jibu lilitoka wazi: king'ora kipo kwenye Recommends, na Recommends zimekatazwa. Maamuzi mawili, yote ya busara, yote yalisifiwa, yalikutana Dunga na kunyamazishana. Ochieng' aliizima mashine.

"Kesho tunaandika Depends kila mahali," alisema. "Kila kitu Depends."

"Kama Barasa?" aliuliza Madam. Alichukua simu, akampigia muuguzi wa zahanati, ambako kulikuwa na mashine ya RPM, akaiweka simu isikike na wote. Alimwuliza king'ora kinaendeleaje.

"Hiyo? Tuliijaza pamba kwa spika zamani sana," sauti ya muuguzi ilisema. "Ilikataa kutoka. Nikiondoa king'ora inataka kuondoka na programu yote."

Madam alikata simu. "Mmoja amenyamazisha samaki, mwingine amelazimisha pamba. Haya, rudini ubaoni."

Mkitaka kujua kazi yetu ni nini hasa, ni ile jioni. Hatukuandika msimbo mpya hata kidogo. Tulibishana juu ya uhusiano. Je, Baridi inahitaji sauti? Hapana, zahanati inaishi bila sauti. Inahitaji maandishi mekundu? Hapana, Dunga hawayaoni. Inahitaji nini basi? Mimi nilisema inahitaji kumwambia mtu. Ochieng' akasema hiyo si kifurushi. Barasa akasema kwake ni kifurushi, ni jina la jumla, kama chakula kizito. Walitazamana kwa kutopenda, maana ilionekana watakubaliana.

Wakaandika hivi: kutoa taarifa ni lazima, njia yake ni ya kuchagua. Upande wa deb, *king'ora-sauti | king'ora-maandishi*, sauti ikiwa ya kwanza ili asiyechagua apigiwe kelele. Upande wa RPM, Requires ya jina la jumla *king'ora*, na vile viwili vikaitikia jina hilo kwa Provides. Tulijaribu kwenye mashine yenye katazo. Ikalia. Tulijaribu kuondoa vyote viwili. Baridi yenyewe ikakataa kubaki.

Lilibaki suala la sauti yenyewe. Mama Rosa alikuwa amesema kile king'ora cha kawaida kinafanana na cha pikipiki, watu walishakizoea. Ochieng' akapendekeza turekodi sauti ambayo hakuna mtu wa Kisumu wa umri fulani anayeweza kuipuuza. Madam alikataa, akakataa tena, kisha akauliza asimame wapi.

Jumamosi tulikwenda Dunga sote wanne. Kina mama walikuwa wameketi kwenye makreti, mikono imekunjwa. Mama Rosa alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele yao, na nilitambua kwamba alikuwa amekikalia chote, kama mtu anayeogopa kitavutwa.

Barasa alifungua mlango wa chumba cha baridi na kuuacha wazi. Tukangoja. Programu husubiri kidogo kabla ya kulia, isije ikapiga kelele kwa mtu anayepita tu, lakini hilo hatukuwa tumewaambia. Mama mmoja alikohoa. Mwingine akasema kwa Dholuo kitu ambacho Ochieng' alikataa kunitafsiria. Mama Rosa hakugeuza shingo.

Ndipo spika ikapasuka: "NANI AMEACHA MLANGO WAZI?"

Ilikuwa sauti ya Madam Awuor, ile ya jikoni la shule, na Madam mwenyewe alikuwa amesimama pale ameshika mkoba. Mama mmoja mnene aliyeketi nyuma kabisa aliruka kutoka kwenye kreti.

"Si mimi, Madam!" alipaza sauti, akakimbia kufunga mlango.

Alikuwa amesoma kwake. Ufuo uliangua kicheko mpaka wavuvi wakaacha nyavu kuja kuuliza kuna nini. Mlango ulifunguliwa tena na tena kwa furaha, na kila mara yule mama alishtuka. Hakuna aliyekumbuka kuitisha kura. Mwishowe Mama Rosa alisimama na kusema kiti bado ni chake, ila kwa sharti alilotutolea sisi.

"Hakuna kubadilisha kitu kwa hii mashine kama huyu Jawuoth hayuko hapa."

"Kwa nini yeye?" Ochieng' aliuliza. "Kazi nimefanya mimi."

"Wewe na huyu mwenzako mtapigana samaki wakioza. Huyu hana upande."

Basi mtu ambaye hakuwahi kukaa mahali akawa Requires ya chumba cha baridi. Kila sasisho lilipotoka, niliitwa Dunga. Niliketi kando ya Mama Rosa, nikasoma kwa sauti vitakavyoingia na vitakavyotoka, naye akasema ndiyo au hapana. Nilipata vishawishi vya Mwanza, vya Kasese, vya kwenda popote, na kila mara simu iliyonizuia ilikuwa ya Mama Rosa. RPM mpya zilikuja na Recommends, na Barasa akatembea wiki nzima kama aliyepata mtoto wa kwanza; aliweka hadi saa ya ukutani kwenye Recommends, Madam akamwondolea. Zikaja pia programu zinazobeba ndani yake kila zinachohitaji, zisimtegemee jirani. Ni nzuri, zina uzito wa ng'ombe, na ninyi mnazipenda. Mimi nilizionea huruma kidogo.

Miguu iliponiwasha kupita kiasi nilimwambia Mama Rosa nataka kuondoka. Aliparua ngege mzima, kisha akasema, "Utaenda. Lakini kwanza nijue kusoma hii kitu, nisibaki nikiamini ndege." Tukaanza. Alijifunza kama anavyonunua samaki: hakuamini alichoambiwa, aligeuza upande wa pili.

Asubuhi ya mwisho nilikwenda Dunga na begi langu likiwa limefungwa. Kulikuwa na sasisho. Mama Rosa aliketi mbele ya skrini, akavaa miwani, akaanza kusoma mwenyewe. Vitakavyoongezwa, akatikisa kichwa kukubali. Vitakavyobadilishwa, sawa. Kisha akafika kwenye vitakavyoondolewa, akasimamisha kidole.

"King'ora-sauti kinatoka."

Niliinama. Kweli. Ochieng' alikuwa ameweka maandishi mbele na sauti nyuma kwa mpangilio mpya, na Baridi mpya ilikuwa imetangaza kugombana na kifurushi cha zamani cha sauti, hivyo mashine ingechukua maandishi. Nilifungua kinywa nimweleze. Lakini alikuwa ameshabonyeza herufi ya kukataa, na simu iko sikioni.

"Ochieng'! Wewe ulisoma hii kitu kabla ya kuituma? ... Hapana, usiniambie kesho. Conflicts ni ya nini? ... Soma wewe. Soma kwa sauti, nasikiliza."

Nilibaki nimesimama na begi. Bila kunitazama, Mama Rosa alinipungia mkono. Haukuwa wa kwaheri. Nilikuwa nimemzibia mwanga. Nikasogea. Alipoendelea kugombana nikasogea tena, mpaka mlangoni, mpaka barabarani, na sikuacha kusogea hadi Busia.